Majina Yasiyoandikwa

Katika kanisa kuu la Mkunazini, Unguja, upo msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, pale moyo wa Livingstone ulipozikwa mwaka 1873. Ubao ule twaujua hadi shina lake. Je, wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918 twawajua hivyo?

Mwaka 1916 Askofu Frank Weston mwenyewe aliwaongoza wapagazi kutoka Unguja kwenda bara. Wapagazi wa vita ile walibeba risasi na chakula, na wengi walikufa kwa maradhi na uchovu. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba marehemu wapatao 116,000 au zaidi, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina.

Wako watakaosema, "Mungu anawajua, yatosha." Kweli anawajua. Lakini kujua kwake hakulipi deni letu sisi. Basi hapa Tunduru tuwaulize wazee majina ya mababu waliochukuliwa upagazi, tuyaandike katika daftari la kanisa, yasomwe siku ya kuwakumbuka marehemu wote.