Rula Chini ya Mstari

Mwanangu, juzi ulinipigia simu ukiwa ndani ya matatu. Nikakuuliza kama umeshajaza ritani ya ushuru ya mwaka 2025. Ukacheka. "Mama, hiyo ni kazi ya dakika tano. Kuna kijana wa saiba hunifanyia." Matatu ikapiga honi, simu ikakatika. Sikukupigia tena. Nimeona heri nikuandikie, maana barua haikatizwi na honi.

Mimi pia niliwahi kuwa na kijana wa saiba.

Ilikuwa Juni 2016, hapa sokoni Mbumbuni. Baridi ya Juni unaijua, ile ya kufunga leso kichwani mpaka saa nne. Tulikuwa tumezoea fomu za karatasi, na wengine wetu, tuseme ukweli, tulikuwa tumezoea kutojaza kabisa. Sasa ilikuwa lazima upitie iTax, mfumo wa ushuru wa mtandaoni, kwenye kompyuta. Foleni ilianza mezani kwa kijana, ikatoka mlangoni, ikafika kwa mama wa mitumba. Nilisimama nikisuka kiondo. Kilikuwa kimeongezeka upana wa viganja viwili zamu yangu ilipofika.

Aliniuliza swali moja tu. "Mwalimu, kuna ushuru unaodaiwa?"

Nikajibu kwa fahari. "Sidaiwi hata ndururu. Mwajiri hukata kabla pesa hazijanifikia."

"Basi hiyo ni sifuri," akasema. Akabonyeza, karatasi ikatoka, nikalipa, nikaenda zangu kununua ndengu.

Umeona kosa lilipo? Ritani ya sifuri haisemi "sidaiwi." Inasema "sikupata kitu." Mimi niliyesimama mbele ya ubao mwaka mzima, nikiwa na stakabadhi kumi na mbili za mshahara kwenye droo, nilikuwa nimeitangazia serikali kwamba sikupata hata shilingi. Nikarudia 2017. Nikarudia tena 2018. Simlaumu yule kijana. Aliandika nilichomwambia, na jina lililokiri chini ya fomu kwamba haya ni kweli halikuwa lake.

Nilikuja kujua 2019, nilipohitaji cheti cha kuonyesha kwamba mambo yangu ya ushuru yako sawa. Nilikuwa nimeomba nafasi fulani ya kazi. Nikapanda gari hadi ofisi ya ushuru kule Wote. Afisa akatazama kompyuta, akanitazama mimi, akatazama tena kompyuta. "Mwalimu," akaniuliza kwa upole, "miaka hii mitatu ulikuwa unakula nini?"

Nilitamani ardhi inimeze.

Bahati nzuri sheria inakuruhusu kurekebisha ritani yako ndani ya miaka mitano. Lakini kila mwaka ulidai fomu yake ya P9, ile anayotoa mwajiri kuonyesha mshahara wa kila mwezi na ushuru aliokata. Yangu ya 2016 nilikuwa nimewashia jiko. Kuitafuta nyingine kulinichukua wiki kadhaa, na ile nafasi ya kazi haikunisubiri.

Babu yangu alinizidi akili. Hakuwahi kuingia darasani, lakini risiti zake za kodi ya kibanda, za enzi za mkoloni, alizitia zote kwenye kopo la majani ya chai. Askari angeweza kukusimamisha njiani akuulize risiti, na usipokuwa nayo ukose la kusema. Alipofariki tulilifungua kopo lile. Karatasi zilikuwa zimegeuka rangi ya udongo, lakini zilikuwa zimepangwa, mwaka juu ya mwaka. Sheria ya siku hizi inataka uweke kumbukumbu miaka mitano. Yeye aliziweka mpaka mwisho wa uhai wake. Wewe una simu inayobeba picha maelfu, na bado hukumbuki P9 yako iko wapi.

Haya, tuseme umeipata. Mwajiri anatakiwa awe ameitoa kufikia mwisho wa Februari, kwa hiyo usikubali kuzungushwa hadi Juni. Iweke mezani. Chukua rula uiweke chini ya mstari wa Januari, usome polepole, kisha uishushe hadi Februari. Usiruke. Macho ya kijana hupenda kukimbilia jumla kule chini.

Chukua mwezi mmoja, Julai 2025, na tuseme mshahara kabla ya makato ni 50,000. NSSF, ile akiba ya uzeeni, ni 3,000. SHIF, ile bima ya afya, asilimia 2.75, ni 1,375. Tozo ya nyumba, asilimia 1.5, ni 750. NSSF tangu zamani huondolewa kabla ushuru haujapigwa, na tangu mwisho wa Desemba 2024 hizo mbili nyingine nazo zimeingia humo. Basi zinabaki 44,875. Shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, zile 8,333 zinazofuata asilimia 25, na zilizosalia asilimia 30. Inakuja 8,245 na senti kadhaa. Ondoa nafuu ya kibinafsi ya 2,400. Ushuru wako ni 5,845 na senti, na hiyo ndiyo unatakiwa kuiona kwenye safu ya PAYE, ushuru anaoukata mwajiri. Ikiwa tofauti, rudi kwa mwajiri kabla hujagusa kompyuta.

Benki itakuonyesha 39,029. Isahau kabisa hiyo namba. Nitakwambia kwa nini.

Baada ya aibu ya Wote niliapa kujaza mwenyewe. Nikaketi na kompyuta ya jirani, miwani puani. Nilipoulizwa mshahara nikaandika pesa nilizokuwa nikipokea benki, baada ya makato yote, hata mkopo wa sacco. Nilipoulizwa PAYE nikaiandika kamili kutoka kwenye P9. Mashine ikapiga hesabu, ikasema serikali inanidai sifuri, tena ninafaa kurudishiwa zaidi ya shilingi 40,000.

Mwanangu, nililia kwa furaha. Nikamwita baba yako. Tukaenda nyuma ya nyumba na kupima kwa hatua mahali pa kuweka tangi la lita 5,000. Akachimba, akasawazisha, akapanga mawe ya msingi. Nikaomba kurudishiwa. Badala ya pesa nikaitwa nieleze kwa nini mshahara wangu haufanani na ule ulioletwa na mwajiri. Ilikuwa ni kutoelewa kwangu tu, lakini jaribu kumweleza hivyo mtu mwenye karatasi mbili mkononi. Yale mawe bado yapo. Kuku hulala hapo. Tangi tulikuja kununua miaka minne baadaye, kwa pesa za maembe.

Sasa hofu ya kuitwa tena nayo ikanifikisha kwenye kosa la tatu. Niliogopa kudai chochote, hata kilichokuwa haki yangu. Nilikuwa nikilipia bima ya elimu yako, ile ya zaidi ya miaka kumi, na sheria hutoa nafuu ya asilimia 15 ya unacholipia, isipite shilingi 60,000 kwa mwaka. Ukilipa 2,000 kila mwezi, hiyo ni 3,600 kwa mwaka. Si nyingi, lakini ni zako. Mimi niliziacha hivyo hivyo, nikijisifu kuwa mwaminifu. Ule haukuwa uaminifu, ulikuwa woga.

Kwa hiyo dai, ila uwe na cheti kutoka kwa kampuni ya bima mkononi, na uangalie kwanza kwenye P9 kama mwajiri hajakuhesabia tayari. Bima inayohesabiwa ni yako, ya mwenzi wako au ya mtoto wako. Ile unayonilipia mimi, Mungu akubariki, haimo. Siku utakapochukua mkopo wa kununua nyumba ya kuishi, utadai riba peke yake, si mkopo wote, na haipiti 360,000 kwa mwaka. Mkopo wa gari au wa harusi ni furaha yako mwenyewe. Akiba ya uzeeni katika mfuko uliosajiliwa nayo huondolewa, hadi 30,000 kwa mwezi ukijumlisha na NSSF. Najua uzee hauuoni ukiwa na miaka 27. Mimi pia sikuuona.

Lakini linaloninyima usingizi kwako si hayo. Ulibadilisha kazi Agosti. Una P9 mbili, na zote mbili lazima ziingie. Halafu kuna ile kazi ya wikendi uliyoitaja ukameza maneno. Waajiri wawili wakikulipa mwezi mmoja na kila mmoja akakupa nafuu ya 2,400, umepewa mara mbili kitu unachostahili mara moja. Ukizijumlisha utajikuta unadaiwa. Utasikitika, lakini lipa. Afadhali uione mwenyewe mwaka huu kuliko uonyeshwe miaka mitatu baadaye, riba ya asilimia moja kila mwezi ikiwa imekaa juu yake.

Hata mimi mstaafu nina vyumba vyangu vinne vya kupangisha pale barabarani, 1,500 kila kimoja kwa mwezi. Ni 72,000 kwa mwaka, mbali sana na zile 288,000 zinazomwingiza mtu kwenye ushuru wa kodi ya nyumba wa kila mwezi. Lakini haimaanishi hazipo. Naziandika kwenye ritani ya mwaka.

Mwisho ni tarehe 30 Juni, na ukichelewa faini yake huanzia shilingi 2,000. Unalijua hilo, kila mtu analijua, na ndiyo maana kila mtu hujazana siku hiyo. Fomu iko wazi tangu Januari, na Machi hakuna foleni.

Njoo Jumamosi na P9 zote mbili, na ile karatasi ya kazi ya wikendi pia, usijifanye umesahau. Usizikunje mfukoni, wino hufutika kwenye mkunjo. Nitaloweka muthokoi Ijumaa usiku. Rula ni ile ile ya mbao, yenye alama za meno yako ya darasa la pili.