Selver: Mungu na Mfasiri

Katika novela ya Ursula K. Le Guin, The Word for World Is Forest (1972), Waathshe, wakazi wa msituni, huota wakiwa macho na kumaliza ugomvi kwa kushindana kuimba. Kuuana hakumo katika mila zao. Wakataji miti kutoka sayari ya Dunia wanawatumikisha kwa jina la kazi ya hiari, hata Selver anawafunza wenzake kuua. Haki ya kujihami haina shaka. Lakini neno lao sha’ab humaanisha mungu na pia mfasiri. Anayemsifu Selver kama mkombozi tu amesoma nusu ya neno. Selver amelifasiri tendo la mvamizi katika lugha ya kwao. Wavamizi wanapokubali kuondoka, yeye mwenyewe haoni namna ya kulisahaulisha.