Ndugu wa Dukani, Anadai au Hadai?



Wanachama wenzangu, wengi wetu tuliopo chuoni hapa Arua tumesomeshwa na duka. Na katika duka hilo, ukikumbuka vizuri, alikuwapo kijana ambaye hakuwa mtoto wa mwenye duka wala hakuitwa mfanyakazi. Aliitwa ndugu.

Wa kwetu alikuwa binamu yangu. Baba mdogo alikuwa na duka la jumla Koboko, akamtoa kijijini akiwa na miaka 18. Kwa miaka minne kijana alishusha chumvi na sabuni kwenye malori, akafungua duka saa kumi na mbili asubuhi, usiku akalala nyuma ya duka kama mlinzi. Alilishwa, alivishwa, akiugua alitibiwa. Mshahara hakupewa. Aliahidiwa tu kwamba akikomaa atafunguliwa duka lake. Mwaka jana baba mdogo alifariki, Allah amrehemu. Mirathi ikagawanywa. Binamu yangu si mrithi, kwa hiyo hakupata kitu. Akaambiwa ashukuru kwa malezi.

Je, alikuwa anadai au hadai? Mnajua kwamba deni la maiti hulipwa kabla ya wasia na kabla ya urithi. Kama kazi ya miaka minne ni deni, basi warithi (na baba yangu mzazi alikuwa mmoja wa wasimamizi) waligawana mali ambayo si yao yote.

Nilianza na sheria ya nchi. Sheria ya Ajira ya 2006 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi ndani ya wiki 12, na siku ya mapumziko kila wiki. Lakini mwanzoni kabisa inasema haimhusu mwajiri na jamaa wanaomtegemea, ikiwa jamaa hao ndio wafanyakazi pekee katika shughuli ya familia na hawazidi watano. Duka letu lilikuwa na watatu.

Mambo yamekuwa yakibadilika. Zamani ni mwajiri mwenye watu watano na zaidi tu aliyelazimika kuchangia mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Tangu marekebisho ya 2022 analazimika hata mwenye mfanyakazi mmoja: asilimia 10 anatoa mwajiri, asilimia 5 inakatwa kwenye mshahara. Mwaka 2023 Bunge likapitisha mabadiliko ya Sheria ya Ajira yaliyowagusa vibarua na wafanyakazi wa nyumbani, Rais akayarudisha bila kuyatia saini. Haya yote yana maana kwa mwenye mshahara. Asilimia 10 ya mshahara usiokuwapo ni sifuri.

Siwalaumu waliotunga kifungu cha jamaa. Serikali ya Amin ilipoanguka 1979, watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan, na waliishi kwa kuwa fulani alikuwa na ndugu ng'ambo ya mpaka. Ulifika, ukapewa jembe na sahani ya chakula, hakuna aliyeuliza mshahara. Ukimwambia mzee wa Koboko kwamba mtoto wa kaka yake aandikiwe mkataba, atakuuliza kama umeanza kumwona kama mtu baki. Nami najua kwamba baba mdogo angelazimika kulipa mishahara, pengine angemchukua kijana mmoja, wawili wakabaki kijijini.

Hata hivyo jembe lile lilikuwa la kulima chakula cha wote. Lori la sabuni ni biashara, na faida yake ilikuwa na mwenyewe.

Mafakihi wa Kishafii walijadili jambo linalofanana na hili: mtu anampa dobi nguo afue, malipo hayakutajwa. Wako waliosema dobi hana ujira, maana hakuusharti. Wako waliosema anao. Na wako waliotazama kama anajulikana kwa kazi hiyo. Kama anajulikana, hulipwa kiasi wanacholipwa watu wa mfano wake. Binamu yangu alijulikana Koboko nzima kwa kazi ile. Mimi naegemea hapo.

Na wanaosema kutaja malipo kunaharibu undugu, wasome tena Suratul Qasas. Mzee wa Madyan alikuwa anamwoza Musa (a.s.) binti yake, yaani wanakuwa familia, na bado alitaja muda: miaka minane, na kumi kama Musa atapenda mwenyewe. Wakamfanya Allah shahidi. Hakusema, "Kaa tu, tutaona."

Likizo iliyopita nilikwenda Koboko nikamweleza mama mdogo, mjane wa marehemu. Nilitegemea anifukuze. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Ni kiasi gani, mwanangu?" Sikuwa na jibu. Hakuna lililoandikwa, hata mwezi aliofika hatukuafikiana. Yeye alisema ilikuwa kabla ya Ramadhani, binamu alisema baada ya Idi. Mwishowe mama mdogo akamtuma mtoto kwa jirani mwenye stoo, akaulize mpakuzi wa mizigo analipwa ngapi kwa mwezi, akachukua daftari la zamani la duka na kuanza kupiga hesabu.