Je, Akubaliye Bila Kujua Ameridhia?

Katika lugha yetu yapo maneno mawili yanayokaribiana sana, nayo ni idhini na ridhaa. Watu wengi huyatumia kana kwamba ni neno moja. Lakini idhini yaweza kutolewa kwa ulimi tu, au kwa kutia sahihi, hali ridhaa ni jambo la moyo. Mtu huridhia kile alichokijua. Asichokijua aweza kukiitikia, aweza hata kukishukuru, lakini haiwezi kusemwa kuwa amekiridhia. Nataka tuichunguze tofauti hii kwa kuutazama mkasa uliotokea Marekani, nao ni mkasa ambao kila azungumzaye haki za mgonjwa mbele ya mtafiti hana budi kuukumbuka.

Mwaka 1932 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani ilianza uchunguzi juu ya kaswende katika wilaya ya Macon, jimbo la Alabama, ulipo mji wa Tuskegee. Waliochaguliwa ni wanaume weusi 600, wengi wao wakulima maskini waliolima mashamba ya wengine kwa kugawana mazao. Kati yao 399 walikuwa na kaswende, na 201 hawakuwa nayo. Nia ya madaktari ilikuwa kutazama jinsi ugonjwa huo unavyoendelea katika mwili wa mtu asiyetibiwa mpaka kufa kwake, kisha maiti ipasuliwe na kuchunguzwa. Hayo wagonjwa wenyewe hawakuambiwa. Waliambiwa kuwa wana "damu mbaya", jina ambalo watu wa huko walilitumia kwa maradhi mengi, hata kwa uchovu na upungufu wa damu, na kwamba watatibiwa bure.

Hapa naomba msomaji atulie kidogo. Watu hawa hawakufungwa kamba wala kusukumwa na askari. Walikuja kwa hiari. Walichukuliwa kwa gari bila malipo, wakapewa chakula siku ya kupimwa, na wakaahidiwa gharama za maziko, jambo ambalo si dogo kwa maskini aogopaye kuzikwa bila heshima. Walipotakiwa watobolewe uti wa mgongo ili maji yake yachunguzwe, barua iliyowaita ilisema hayo ni matibabu maalumu ya bure. Wakashukuru. Lau ungemwuliza mmoja wao siku ile, "Je, umekubali?" angejibu bila kusita kwamba amekubali. Basi yuko wapi aliyedhulumiwa?

Jibu ni kwamba alichokikubali ni matibabu, na alichotendewa si matibabu. Hata sokoni makubaliano ya namna hiyo hayasimami. Auzaye ng'ombe akaificha kasoro yake, mnunuzi ana haki ya kumrudisha, wala haitoshi kumwambia, "Ulikubali mwenyewe mbele ya mashahidi." Je, mwili wa mwanadamu upate ulinzi mdogo kuliko fedha ya mnunuzi wa ng'ombe?

Uchunguzi huo ulikusudiwa hapo kwanza uchukue miezi 6. Uliendelea miaka 40. Kufikia mwaka 1947 penisilini ilikuwa imekwisha kuwa dawa inayotumika sana kwa kaswende, lakini watu hawa hawakupewa. Mwaka 1958 walipewa cheti cha shukrani na dola 25, yaani dola moja kwa kila mwaka wa utumishi wao. Kijana mmoja mtumishi wa idara hiyohiyo, Peter Buxtun, alilalamika kwa wakubwa wake tangu mwaka 1966. Mwaka 1969 wataalamu walikutana kulitazama jambo hilo, wakaamua liendelee. Halikukoma mpaka lilipotoka magazetini Julai 1972. Mwaka 1974 serikali ilikubali kulipa dola milioni 10, na tarehe 16 Mei 1997 Rais Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa. Kwa siku hiyo waliobaki hai walikuwa 8 tu.

Wapo wasemao kuwa watu hao walidungwa sindano za kaswende. Hilo si kweli, na mwenye kutetea haki hana haja ya kuiongezea chumvi. Uovu wa kuwaambukiza watu kaswende kwa makusudi ulifanyika Guatemala kati ya mwaka 1946 na 1948, nao ni mkasa mwingine. Kule Alabama madaktari hawakuwapa ugonjwa. Waliwanyima habari, na kwa kuwanyima habari wakawanyima dawa.

Mtu aweza kusema, "Lakini elimu ile ingewafaa wengi, na mtu mmoja kuumia ili maelfu wapone ni sadaka njema." Hatukatai kwamba utafiti una faida. Hata penisilini isingejulikana kuwa dawa lau wagonjwa wa kwanza wasingejaribiwa. Lakini sadaka ni sifa ya yule atoaye kilicho chake. Achukuaye mali ya jirani usiku akaigawa kwa mafukara hakutoa sadaka. Ameiba, na mafukara wamekula cha wizi.

Mwingine atasema, "Watu wale hawakusoma, wangeelewaje mambo ya kidaktari?" Wazee wetu wana methali isemayo kwamba asiyejua maana haambiwi maana, nami naona ni methali ya hatari ikiwekwa mikononi mwa wataalamu. Mkulima ajuaye majira ya mvua na hesabu ya deni lake hawezi kushindwa kufahamu maneno haya: "Una ugonjwa unaoua. Hatutakutibu. Twataka kuona utakavyokufa." Hakuna neno gumu hapo. Maneno hayo yalifichwa kwa sababu kila ambaye angeyasikia angeyafahamu mara moja, akaondoka zake.

Basi wajibu wa kwanza si wa mgonjwa kuuliza. Atauliza nini, ikiwa hajui kwamba liko la kuulizwa? Wajibu ni wa mwenye elimu kusema, kwa maana elimu aliyo nayo juu ya mwili wa mwenziwe ni amana, na mwenye amana ni yule mwenye mwili. Ajabu ni kwamba mwaka uleule wa 1947 mahakimu wa Kimarekani waliwahukumu madaktari wa Hitler mjini Nuremberg, wakaandika kanuni ambazo ya kwanza yake ni kwamba ridhaa ya hiari ya mtu ni sharti lisiloepukika. Wino wa kanuni hizo ulikauka, na kule Alabama kazi ikaendelea.

Liko jambo moja linaloniuma zaidi, kwa kuwa linanigusa. Kati ya madaktari na wakulima wale alisimama muuguzi mweusi, Eunice Rivers, ambaye watu walimpenda. Aliwachukua kwa gari, akawatembelea, akazungumza na jamaa zao ili wakubali maiti ipasuliwe. Waliomwamini Rivers waliuamini uchunguzi. Mimi ni mwalimu, nami nimewahi kuwa mahali pake. Nilipokuwa nimerudi karibuni kutoka chuo cha ng'ambo, walikuja kijijini wageni waliotaka kutoa watu damu kwa ajili ya utafiti. Watu wakanigeukia: "Wasemaje, mwalimu?" Nikasema, "Kubalini tu, hawa ni wataalamu." Karatasi yao nilikuwa sijaisoma hata mstari mmoja. Huenda haikuwa na ubaya wowote. Lakini mimi sikujua, na watu walikubali kwa kutegemea kujua kwangu.

Siku hizi, katika nchi kama Tanzania na Kenya, utafiti juu ya watu hauruhusiwi mpaka upitiwe na kamati ya maadili, na mshiriki huelezwa kwa lugha aielewayo, pamoja na kwamba aweza kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu yake. Hayo ni maendeleo makubwa, ingawa karatasi isiyosomwa hubaki karatasi.

Walipokuja wageni wengine baada ya miaka michache, niliomba karatasi yao kwanza, nikaisoma kwa sauti barazani, polepole, tangu mwanzo hata mwisho. Mzee mmoja akauliza, "Damu hii ikishapimwa, itakayobaki itapelekwa wapi?" Aliyewaongoza wageni alinyamaza, akaitazama karatasi yake, kisha akaomba apewe siku mbili akaulize.