Nahodha Akiogopa

Mama mdogo alikuwa na miaka 63, anaishi kwa bintiye huko Leicester, Uingereza, uvimbe ulipomtokea shingoni. Mimi ndiye niliyempeleka hospitali. Hospitali za umma za nchi ile humpa mgonjwa mkalimani bila malipo, na muuguzi aliuliza kama amwite. Nikakataa. Nimesoma Kiingereza tangu darasa la kwanza kwetu Mombasa. Kuitiwa mtu baki niliona ni kuvunjiwa heshima.

Daktari alitazama picha, kisha akasema kwa upole, "I'm afraid we need to operate."

Nikamgeukia mama mdogo. "Daktari anaogopa. Yabidi wakupasue."

"Anaogopa nini?"

"Ndivyo alivyosema, mama."

Usiku ule hakugusa chakula. Alikaa ukingoni mwa kitanda akaniuliza, "Nahodha akiogopa, abiria ashike wapi?" Sikuwa na jibu, wala sikujua kwamba hofu ile nimeitia mimi.

Daktari hakuogopa kitu. Afraid asili yake ni mtu aliyetishwa, aliyevurugwa na ghasia, lakini Waingereza wamelitumia kwa adabu miaka mingi hata hofu imetoka ndani yake. Karani wa stesheni hulitumia kukuarifu kuwa treni imeondoka, na moyo wake shwari kabisa. Sisi tungesema "nasikitika kukwambia". Hata Kiswahili kina jambo kama hilo: asemaye "nachelea kusema" hatetemeki. Ila kuogopa kwetu bado ni kuogopa, na neno hilo ndilo nililomtwika mgonjwa.

Ikaja barua: daktari wa upasuaji alikuwa "anxious to see you" kabla ya Ijumaa. Nikaisoma kwa sauti: ana wasiwasi, anataka kukuona. Anxious about ndiyo wasiwasi. Anxious to ni kutaka jambo sana, kuwa na hamu nalo. Kiungo kidogo kile nilikiruka kama mtu arukavyo kokoto. Mama mdogo akaikunja barua, akaitia chini ya mto, akasema haendi. Wiki tatu nzima uvimbe ulikuwa ukikua na sisi tukimbembeleza.

Aliyemwokoa ni mkalimani, mama mmoja wa Kikongo aliyekulia Bukavu. Binti wa mama mdogo ndiye aliyemwomba hospitalini, bila kunishauri, na alifanya vema. Daktari alirudia maneno yaleyale. Yule mama akasema, "Anasikitika kukwambia kwamba utahitaji upasuaji. Ugonjwa wenyewe anaujua."

"Kumbe haogopi?"

"Haogopi, dada."

Mama mdogo akashusha pumzi ndefu, akaomba kalamu atie sahihi.

Siku ya kufunguliwa bandeji, daktari aliinama akakikagua kidonda, akatabasamu. "Terrific!" Neno hilo ni la ukoo mmoja na terror, na zamani lilikuwa na maana ya kutisha, mwishoni mwa karne ya 19 ndipo lilipoanza kusifu. Ndugu yake terrible alibaki kulekule kwenye ubaya. Yote hayo nilikuwa nimekwisha kuyasoma wakati ule.

Mama mdogo alinitazama mimi kwanza, mkono shingoni.

Nikanyamaza, nikamwachia mkalimani.