Kheri Itokanayo na Shari

Ewe msomaji, kheri ikizaliwa na shari, je, huiosha shari iliyoizaa? Watu wengi hujibu kuwa huiosha. Natupime jawabu hilo kwa kisa cha mawe, ambayo ni makongwe kuliko watu.

Huko Siberia, katika nchi ya Urusi, yapata miaka milioni 252 iliyopita, ardhi ilipasuka ikatapika mawe yaliyoyeyuka, yakafunika mamilioni ya kilomita za mraba. Mengine hayakufika juu. Yalipenya chini kwa chini katika matabaka ya makaa ya mawe na chumvi, yakayachoma. Hewa ya ukaa na hewa za sumu zikapanda kwa wingi. Dunia ikaingia joto, bahari ikapungukiwa na oksijeni, na maji yake yakageuka kuwa makali. Katika kila aina 10 za viumbe wa baharini, 8 au zaidi zilitoweka. Trilobiti, waliokuwa wameishi baharini kwa zaidi ya miaka milioni 250, walikwisha wote.

Walakini moto ule ule uliacha hazina. Mahali paitwapo Norilsk, salfa ilijitenga ndani ya mawe yaliyoyeyuka mithili ya matone mazito, ikakusanya nikeli, shaba na paladiamu, kisha ikazama na kuganda. Nikeli hutiwa katika chuma kisichoshika kutu na katika betri. Yamkini imo katika kijiko ulacho nacho.

Je, tuseme maangamizi yale yalikuwa mema? Hasha! Waliolipa si waliopokea. Trilobiti hakuuza uhai wake ili wewe upate kijiko. Lakini pia hatuwezi kuulaumu moto, kwa kuwa haukuwa na macho wala nia.

Mwanadamu hana udhuru huo. Kati ya mwaka 1935 na 1956, serikali ya Kisovieti iliweka kambi ya wafungwa Norilsk, wakajenga mji na kuchimba madini yale yale. Maelfu walikufa kwa baridi, njaa na kazi nzito. Nikeli waliyoitoa ilikuwa safi. Tendo la waliowapeleka halikuwa safi, kwani wao walikuwa na macho.

Pengine utasema: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Kweli, lakini mganga asiyejua kilichomdhuru mgonjwa ataganga nini? Leo nasi twachoma makaa ya mawe, kama moto ule ulivyoyachoma, na hewa ya ukaa yapanda. Tofauti ni kuwa sisi twaona.

Basi, msomaji, kheri ikifuata shari, ipokee kwa shukrani, ila usiiite malipo. Na ukiletewa habari za manufaa makubwa yajayo, uliza kwanza: ni nani atakayelipa, na je, ameulizwa?