Kitufe Kinaponyamaza

Je, anayenyamaza anapoulizwa ana kosa? Swali hili ni la zamani, na wahenga walikwisha kutuonya kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Hata hivyo, majumbani, shuleni na maofisini, kila siku watu huhukumiwa kwa sababu tu hawakujibu. Nimeishi na swali hili miaka yote ya ualimu wangu, lakini mfano ulionifafanulia vizuri zaidi nimeupata uzeeni, tena katika kibodi ya kompyuta.

Mjukuu wangu ni mmoja wa vijana wapendao kujiundia kibodi kwa mikono yao. Hununua swichi moja moja, huzipanga kwenye kibao, kisha huziunganisha kwa nyaya na risasi ya kulehemia. Kibodi yake ya kwanza ilikuwa na vitufe 60. Alipoichomeka kwenye kompyuta, vitufe 46 viliitika na 14 vilikaa kimya. Mwenye pupa angeving'oa vyote 14 na kutia vipya. Yeye hakugusa hata kimoja. Alichora kwenye karatasi mistari 5 na safu 12, akatia alama penye kila kitufe kilichonyamaza. Akaniambia, “Babu, kwanza tuone kama vimenyamaza pamoja au kimoja kimoja.”

Yafaa nieleze sababu yake. Vitufe 60 havihitaji nyaya 60. Kila kitufe hukaa penye njia panda ya mstari mmoja na safu moja, hivyo nyaya 17 zinatosha. Kidhibiti, ambacho ndicho ubongo wa kibodi, huzipitia njia hizo mara nyingi sana kwa sekunde moja, kikiuliza ni kitufe gani kimebonyezwa. Basi mstari mzima ukinyamaza, si busara kuvishuku vitufe vyake vyote 12. Ni nadra vyote kufa siku moja. Kinachofaa kushukiwa ni kile wanachokitegemea wote: waya wa mstari huo, mahali unapoingia kwenye kidhibiti, au programu iliyoelezwa vibaya mstari ulipo. Kitufe kikinyamaza peke yake, hapo ndipo uchunguzi uingie nyumbani kwake.

Hata huko nyumbani kuna utaratibu. Kijana aliigusanisha miguu miwili ya swichi kwa kibanio cha chuma. Herufi ikitokea kwenye skrini, njia ni nzima na ila imo katika swichi. Isipotokea, atafute mbele zaidi. Pengine dayodi, kile kidude kinachouruhusu umeme kupita upande mmoja tu, imewekwa kinyume. Pengine kiungo ni baridi, yaani risasi imekaa juu ya chuma kama tone la nta, bila kushikana nacho. Kwa macho vimeungana, kwa umeme havijaungana. Hutokea hivyo fundi anapoyeyusha risasi bila kuvipasha moto vyuma vyenyewe. Dawa yake ni kuupasha mguu wa swichi na waya kwa pamoja, mpaka risasi itambae yenyewe juu ya vyote viwili.

Matokeo yalikuwa haya. Vitufe 12 vya mstari mmoja vilinyamazishwa na kiungo baridi kimoja. Kingine kilizuiwa na dayodi iliyogeuzwa. Kati ya watuhumiwa 14, mwenye hatia alikuwa mmoja.

Nilipokuwa mwalimu mkuu, msichana mmoja wa darasa la sita aliletwa ofisini kwangu na mwalimu wake kwa shtaka la kiburi. Akiulizwa hajibu. Alikwisha kuchapwa mara mbili, na sasa ilitakiwa asimamishwe masomo. Mwalimu mwingine, mama mtu mzima, aliomba kwanza mtoto abadilishiwe dawati, atoke nyuma aketi mbele, karibu na ubao. Haikupita wiki akaanza kujibu. Sikio lake moja lilikuwa halisikii tangu alipougua utotoni. Kiburi hakikuwapo.

Labda msomaji atasema kwamba kwa hoja hii hapatakuwa na mkosaji duniani, maana kila mvivu atasingizia waya. La, sivyo. Kile kitufe kimoja kibovu kilitolewa, wala hakuna aliyekililia. Uchunguzi haufuti hatia. Huipeleka kwa mwenyewe. Tena huwalinda watu na hatari ya upande wa pili, maana si kila anayesikika amesema. Kibodi isiyo na dayodi, ukibonyeza vitufe vitatu vilivyo kwenye pembe za mstatili, itaandika na cha nne ambacho hakuna aliyekigusa. Hakimu asiye na utaratibu humwadhibu aliye kimya kwa kukosa kusema, na kesho humwadhibu mwingine kwa maneno asiyoyasema.

Lakini mfano wangu una mpaka. Kitufe hakina kumbukumbu. Ukikishuku bure, ukakipima, ukakiacha, kesho kitaandika herufi yake kama kawaida. Mtu sivyo alivyo. Yule binti aliendelea vizuri na masomo, lakini katika vipindi vya mwalimu aliyemchapa hakuinua tena mkono, hata pale jibu alipolijua. Tuliweza kumbadilishia dawati, hatukuweza kuzirudisha zile fimbo.

Ndiyo maana naona kwamba utaratibu ambao kwa fundi ni ujuzi tu, kwetu sisi walezi, wakubwa wa kazi na wazee wa ukoo ni wajibu. Tuanze na kile wanachokitegemea wote, kisha njia inayomfikia mmoja, na mwisho kabisa mtu mwenyewe. Tuanze na pimo lisiloumiza, maana tukikosea litafutika. Na pale kiungo kinapoonekana ni baridi, tukumbuke kwamba joto huhitajika pande zote mbili. Anayeuliza naye ni upande mmoja wa kiungo hicho.